Tarehe ya Onyesho

Vituo vya utamaduni siku hizi hubandika matangazo ya maonyesho yajayo mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Jumamosi hii ngoma, Ijumaa ijayo mchezo wa kuigiza, mwisho wa mwezi taarabu. Mpita njia husimama, akaangalia kiingilio ni shilingi ngapi, akaenda zake. Haimpitikii kwamba ile tarehe iliyochapishwa pale kwa herufi kubwa nayo ina historia. Hapa kwetu Kenya, kwa miaka mingi ya karne iliyopita, tarehe ya onyesho haikuwa jambo la kutangazwa tu. Ilikuwa jambo la kuombwa, na kuomba si kupewa.

Nataka kusimulia habari za kituo kimoja cha kijijini kilichoomba tarehe mara mbili. Mara ya kwanza kilipewa, kisha kikanyang'anywa. Mara ya pili hakikupewa kabisa, na bado maelfu ya watu wakaliona onyesho lenyewe. Kituo hicho ni cha Kamiriithu, huko Limuru, mwendo wa kama kilomita thelathini kutoka Nairobi.

Kamiriithu si kijiji cha kale. Ni mtoto wa Hali ya Hatari. Katika miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika maboma yao yaliyotawanyika kwenye vilima, ikawakusanya katika vijiji vya kulindwa ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula wala habari. Uhuru ulipofika, kijiji kilibaki. Wengi wa wakazi wake hawakuwa na shamba la kutosha. Wakaenda kuchuma majani chai kwenye mashamba makubwa ya jirani, au kufanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata kilichokuwa pale Limuru, au wakakaa tu wakisubiri kibarua. Katikati ya kijiji palikuwa na kipande cha ardhi kilichotengwa kwa ajili ya vijana, na juu yake kibanda cha udongo ambacho hakikuwa na shughuli yoyote ya maana.

Kabla sijaendelea na kijiji, yafaa nieleze mambo yalivyokuwa mjini. Nairobi palikuwa na Jumba la Taifa la Maigizo, ambalo lingali pale hadi leo. Lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo. Liko karibu na hoteli ya Norfolk, mahali ambapo Machi 1922 umati uliokuwa ukidai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi na watu wapatao ishirini na zaidi wakaanguka. Barabara ile leo ina jina la Thuku. Mzee yeyote anayepita hapo akikumbuka mambo hayo mawili pamoja hahitaji kuelezwa jumba lile lilijengwa kwa ajili ya nani.

Lakini kupata uhuru na kupata ukumbi ni mambo mawili. Mwaka 1976, miaka kumi na mitatu baada ya bendera kupandishwa, palikuwa na michezo miwili iliyoandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka uliofuata. Mmoja ulihusu kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Mwingine ulikuwa wa Francis Imbuga. Waandalizi waliomba jumba la taifa kwa mwezi wa Oktoba, mwezi wa kumbukumbu za kupigania uhuru. Waliambiwa jumba limeshachukuliwa na maonyesho ya wageni. Wakabaniwa humo katikati, siku chache tu kwa kila mchezo. Taifa lilikuwa mgeni katika jumba la taifa. Watu walijaa hata hivyo, na usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi watazamaji waliungana na waigizaji kwa wimbo na ngoma wakatoka nao hadi barabarani.

Ni katika mwaka huo huo ndipo Kamiriithu ilipoamka. Ngugi wa Thiong'o, ambaye alikuwa akiishi Limuru na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, amesimulia jinsi mwanamke mmoja wa kijiji alivyomwendea nyumbani, akamwuliza kwa nini watu waliosoma kama yeye hawakigawii kijiji sehemu ya elimu yao. Alirudi wiki ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mimi katika maisha yangu ya ualimu nimewaona watu wa aina hiyo: hawapigi kelele, hawatukani, lakini hawachoki. Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamiriithu kilianza hapo.

Kilianza na darasa, si na jukwaa. Kilianza na ngumbaru. Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima, ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Wanafunzi walikuwa wachumaji wa chai, wafanyakazi wa kiwandani, akina mama wengi na wazee kadhaa. Katikati ya mwaka walikuwa hawajui a wala be. Kufikia Desemba walikuwa wanasoma na kuandika Kikuyu. Hapo likazuka swali ambalo kila mwalimu wa ngumbaru analijua: sasa wasome nini? Mtu mzima aliyejifunza kusoma hawezi kupewa hadithi ya sungura na fisi mwaka mzima. Pakakubaliwa uandikwe mchezo, na wale wawili, wa Thiong'o na wa Mirii, wakapewa kazi ya kuandika mswada wa kwanza.

Nasema mswada wa kwanza kwa sababu haukubaki ulivyoandikwa. Uliposomwa mbele ya wanakijiji, waliukosoa. Wazee walisema huyu mzee hawezi kusema maneno haya, mzee wa kweli hutumia methali na huanzia mbali. Wafanyakazi wa kiwandani walisahihisha habari za kiwandani, kwa sababu wao ndio waliojua vumbi na mshahara wa pale. Palipohitajika wimbo wa kujibizana wa arusi ya kimila, profesa ilimbidi aende kwa bibi kizee asiyejua kusoma ili afundishwe. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwafundisha vijana kwamba mwalimu mzuri huanza na kile mwanafunzi anachokijua, lakini ni mara ngapi mwalimu amekubali mbele ya darasa kwamba mwanafunzi anajua zaidi yake?

Mchezo ule uliitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake nitaolewa nikitaka. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kiguunda ni kibarua wa shamba mwenye kijishamba cha ekari moja na nusu, na hatimiliki yake ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri anayemwajiri, Kioi, yeye na mkewe wanakuja kumtembelea maskini huyo nyumbani kwake. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani wageni wamekuja kuposa, maana mwana wa tajiri amekuwa akionekana na binti yao Gathoni. Kumbe tajiri anamtaka maskini afunge arusi ya kanisani, na ili aimudu arusi hiyo akope benki, na ili akope aweke hatimiliki rehani. Mnajua mwisho wake. Shamba linakwenda mnadani. Sidhani kama kuna wilaya katika nchi hii ambayo haina Kiguunda wake, na ndiyo sababu maneno yalichoma.

Jukwaa lilijengwa na kijiji chenyewe. Waliopanga ramani hawakuwa wasanifu wa majengo. Walipanga njiti za kiberiti chini wakaona umbo, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakaanza kazi. Jukwaa lenye umbo la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi, na mbele viti vya kuenea watu zaidi ya elfu mbili chini ya mbingu wazi. Mtu akiniambia kwamba hatuna kumbi vijijini kwa sababu hatuna fedha, humkumbusha njiti zile.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika habari hii, nalo ni mazoezi. Katika shule zetu, tangu mashindano ya maigizo yaanzishwe mwaka 1959, tumezoea kufanya mazoezi mlango ukiwa umefungwa. Mtazamaji asione kitu mpaka siku yenyewe. Pazia linapofunguliwa ashtuke, apige makofi. Anayechungulia dirishani hufukuzwa. Mimi mwenyewe nimelelewa katika desturi hiyo na nimeilea kwa wengine, na inayo manufaa yake, maana kijana anayejifunza huona haya kukosea mbele ya watu. Kamiriithu hawakuwa na mlango wa kufunga. Mazoezi yalifanyika wazi, kati ya Juni na Septemba 1977, chini ya mwelekezi Kimani Gecau. Aliyetoka kazini alisimama akatazama. Aliyeona mwigizaji akishika jembe vibaya alisema. Kijana aliyesahau maneno alikumbushwa na mtu wa pembeni ambaye hakuwa na nafasi yoyote katika mchezo. Kufikia siku ya ufunguzi kijiji kizima kilikuwa kimeukariri mchezo. Ngugi wa Thiong'o mwenyewe ameeleza jinsi jambo hili lilivyombadilisha mawazo kuhusu ukamilifu katika sanaa: kwamba watu hawapungukiwi na furaha kwa kuona kitu kinavyotengenezwa, bali huona ni chao.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Leseni ilikuwepo. Watu walikuja kwa miguu, kwa matatu, kwa mabasi ya kukodi kutoka mbali. Kwa wiki sita hivi Kamiriithu ikawa mahali pa kwenda mwisho wa juma. Halafu Jumatano tarehe 16 Novemba, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu akaiondoa leseni. Tazama hasa kilichoondolewa: ruhusa ya mkusanyiko wowote pale kituoni. Hakuna aliyelazimika kuonyesha mstari upi wa mchezo ni wa hatari. Machoni mwa sheria, watu elfu mbili waliokaa kutazama arusi ya Kiguunda walikuwa mkusanyiko tu, kama umati wa sokoni, na mkusanyiko huhitaji kibali. Sheria hiyo tuliirithi kutoka kwa wakoloni, hata wino haukubadilishwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa. Alikaa Kamiti kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978, miezi kadhaa baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Yaliyompata huko ameyaandika mwenyewe na sina haja ya kuyarudia.

Niingize jambo dogo langu. Mwaka mmoja katika miaka ya themanini, chuo nilichokuwa nikifanya kazi kiliandaa jioni ya nyimbo na maigizo kwa ajili ya majirani zetu wa kijijini. Mchezo wenyewe ulihusu usafi wa visima. Tulipeleka mswada katika ofisi iliyohusika, tukangoja. Majibu yalikuja siku mbili baada ya tarehe tuliyoomba, na yalikuwa ya kukubali. Wanafunzi walicheka sana. Lakini wazee waliokuwa wamekwisha kutembea hadi langoni petu wakarudishwa hawakucheka, na mwaka uliofuata tulipowaalika tena walikuja nusu yao. Hivyo ndivyo jukwaa linavyoweza kuuawa pasipo mtu yeyote kulipiga marufuku.

Kamiriithu haikuvunjika moyo mara moja. Mwaka 1981 kikundi kilikusanyika tena kwa mchezo mwingine, Maitu Njugira, yaani mama niimbie. Safari hii waliandaa mchezo wa nyimbo, wenye nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, na habari yake iliwekwa katika miaka ya thelathini, enzi za kipande na kodi na kazi za shuruti katika mashamba ya walowezi. Walitaka kuuonyesha Nairobi, katika lile Jumba la Taifa. Tarehe ilipangwa: Ijumaa, 19 Februari 1982. Waliomba leseni mapema, kwa utaratibu wote. Hawakuambiwa ndiyo, wala hawakuambiwa hapana. Walipofika kwa mazoezi ya mwisho walikuta milango ya jumba imefungwa na polisi wanazunguka.

Wakavuka barabara. Ng'ambo ya pili ni Chuo Kikuu, na humo kuna ukumbi wa maigizo. Wakaendelea na mazoezi huko, jioni baada ya jioni, kwa kuwa mazoezi hayakuhitaji leseni. Hapo ndipo ile tabia ya kijijini ya kutofunga mlango ilipozaa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Watu walisikia. Walikuja kutoka Limuru kwa mabasi, walikuja wafanyakazi wa mjini, walikuja wanafunzi, na walimu kama mimi tuliokuwa na shughuli zetu Nairobi. Nilifika jioni moja nikakuta viti vimejaa, ngazi zimejaa, madirisha yamejaa vichwa. Nilisimama kwenye ujia, sikuona zaidi ya nusu ya jukwaa. Kikuyu changu ni cha sokoni, cha kununulia viazi. Lakini nyimbo zilibadilika kutoka lugha moja hadi nyingine, na kila lugha ilipoingia palikuwa na kona moja ya ukumbi iliyoitikia kabla ya wenzao. Mtu asiyenijua aliyesimama kando yangu alininong'oneza maana ya maneno tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuombwa. Sijawahi kutazama mchezo mwingine kwa namna ile.

Inakadiriwa kwamba watu kati ya 12,000 na 15,000 waliyatazama mazoezi yale. Mchezo haukufunguliwa kamwe. Hakuna tikiti iliyouzwa, hakuna usiku wa kwanza, hakuna mhakiki aliyeandika kuhusu ufunguzi, maana ufunguzi haukuwako. Tarehe 25 Februari hata mazoezi yakakatazwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Machi, kituo cha Kamiriithu kikafutiwa usajili, na shughuli zote za maigizo katika eneo lile zikapigwa marufuku. Kesho yake polisi walikuja kwa malori matatu wakalibomoa jukwaa, na viti, na ule ukuta wa mianzi.

Kuna watu wenye busara ambao wamenieleza kwamba serikali ilikuwa na sababu zake, kwamba mchezo ule ulikuwa na siasa za mrengo mkali na uliwachochea maskini dhidi ya matajiri. Sikatai kwamba ulikuwa na siasa. Tajiri katika mchezo ule hana hata punje ya wema, na mimi kama msomaji wa fasihi naona hilo ni pungufu. Nimewajua matajiri waliokuwa na huruma na maskini waliokuwa wezi. Lakini mchezo dhaifu hujibiwa kwa mchezo bora. Lori la polisi halijibu hoja yoyote ya Kiguunda. Tena kama shida ilikuwa ni maneno ya mchezo, viti vilikuwa na kosa gani? Viti vile vilikuwa ndivyo kituo: vingeweza kukaliwa na watu wakitazama mchezo wa aina nyingine, wa kanisa, wa shule, wa kuchekesha, hata wa kuisifu serikali. Kijiji kilinyang'anywa ukumbi wake kwa ajili ya mchezo mmoja.

Baadaye mahali pale pakajengwa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana. Siwezi kukilaumu chuo cha ufundi, kijana akijua kuchomelea vyuma hujipatia riziki. Ila mtu akipita hapo asiyeambiwa, hawezi kujua.

Waliokiongoza kituo walitawanyika mwaka ule ule wa 1982. Ngugi wa Thiong'o alikuwa Uingereza alipoonywa asirudi, akaishi uhamishoni. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikwenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na huko wakaendelea na kazi ile ile ya maigizo ya vijijini na ya jamii. Vikundi vingi vya Zimbabwe vya miaka ya themanini na tisini vilipata mafunzo kutoka kwao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Zimbabwe akaijua njia ya Kamiriithu wakati ambapo mwanafunzi wangu wa ualimu, saa moja kwa matatu kutoka Limuru, alikuwa hajaisikia hata kwa jina. Wa Mirii alifariki huko Zimbabwe mwaka 2008 katika ajali ya barabarani.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulichezwa tena, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Mahali palikuwa ni Jumba la Taifa la Maigizo, lile lile lililokuwa limefungwa milango Februari 1982. Tangazo lilitoka mapema, lenye tarehe, saa na kiingilio, na kila kitu kikafanyika katika siku iliyotajwa. Wa Thiong'o alikuwa bado hai. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87. Binti aliyekuwa na miaka kumi na minane alipocheza ngoma ya arusi pale Kamiriithu mwaka 1977 alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu siku ile mchezo uliporudi, na kama alitaka kuutazama, ilimbidi apande matatu hadi Nairobi na kukata tikiti.